Mkono bora mezani, robo ya poti

Jumamosi hiyo niliondoka mezani na faida ya shilingi 250. Nilikuwa nimeingiza 20,000 kwenye mkono mmoja, nikarudishiwa 20,250. Hakuna aliyelia, hakuna aliyelaani karata. Visa vya namna hii huwa havisimuliwi, maana mcheza karata hukumbuka siku aliyounguzwa na karata ya mwisho, na siku aliyomuunguza mwenzake. Za katikati husahaulika kabla ya kufika kituo cha matatu. Nakisimulia kwa sababu kati ya makosa yote niliyofanya mezani mwaka huu, hili ndilo kubwa, na lilipita bila kunidai hata senti. Isingekuwa mzee mmoja mwenye daftari, ningelirudia wiki iliyofuata huku nikijisifu.

Tunachezea South B, ghorofa ya tatu, sebuleni kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Watu sita. Dau za lazima ni 50 na 100. Tunatumia chipu za plastiki (ukisema chipsi kuna atakayeuliza kama zimekuja na kuku), na hesabu hulipwa kwa M-Pesa kabla mtu hajavaa viatu. Jikoni kuna chai ya tangawizi na mutura iliyopoa. Mchezo wetu ni Omaha, aina ya poka.

Hapa Nairobi ukitaja poka, nusu ya watu hufikiria ile kadi ya bwenini: unaruka, unakula mbili, ukibakiza ya mwisho unapaza sauti "niko kadi!" Hii ni nyingine. Kila mchezaji hupewa karata nne za siri. Mezani hufunuliwa tano: tatu kwa mpigo, ndiyo flopu, kisha moja, kisha moja. Mkono wako wa mwisho ni wa karata tano, mbili kamili kutoka mkononi na tatu kamili kutoka mezani. Mgeni akiona shupaza nne mezani na moja mkononi mwake hudhani amepata rangi moja, akaweka mshahara. Hana kitu; anahitaji shupaza mbili mkononi.

Na dau lina dari. Huwezi kuweka zaidi ya kilichomo kwenye poti, yaani pesa zote zilizokwisha kuwekwa katikati ya meza. Ukitaka kupandisha, unahesabu kwanza kana kwamba umeshafuata dau la mwenzako, halafu jumla inayopatikana ndiyo kiwango cha juu unachoweza kuongeza. Wengi husikia neno "dari" wakadhani huu ni mchezo wa upole. Subirini.

Aliyekuwa anagawa ni shemeji mwenyewe, kwa hiyo yeye ndiye wa mwisho kusema katika kila raundi baada ya flopu. Mzee alikuwa kushoto kwake na zile 50 za lazima. Mimi nilifuata na 100 za lazima. Mfamasia wetu, ambaye kila mtu humwita daktari na yeye haturekebishi, alifuata 100 kutoka katikati ya meza. Zamu ikamfikia shemeji.

"Poti," akasema, akasukuma 450.

Hesabu yake ilikuwa sahihi: mezani kulikuwa na 50, 100 na 100, akifuata 100 inakuwa 350, anaongeza 350, jumla 450. Mzee akatupa. Mimi nikaangalia karata zangu: ree ya pau, 9 ya pau, mfalme wa kopa, 10 ya kopa.

Rangi mbili, karata mbili mbili. Omaha ina mikono ya kuanzia 270,725 (ile ya Texas Hold'em yenye karata mbili ina 1,326 tu), na yenye mpangilio huo wa rangi ni 36,504, kama asilimia 13 na nusu. Jicho huipenda kuliko inavyostahili. Iangalieni tena: ree na mfalme wanaishi ghorofa ya juu, 10 na 9 wako chini, na kati yao hakuna ngazi. Karata nne za Omaha hutoa jozi sita za kuchezea. Zikiwa ndugu, kama ghulamu, 10, 9 na 8, jozi zote sita zinafanya kazi. Zangu zilikuwa abiria waliokutana kwenye matatu. Lakini kufuata kwa 350 zaidi si dhambi, nikafuata. Daktari naye akafuata. Poti ikawa 1,400: yetu 450 mara tatu, na 50 za mzee zilizobaki pale kama viatu vya mgeni aliyesahau.

Kila mmoja kati yangu na shemeji alianza mkono huo na 20,000 au zaidi. Mimi nilikuwa na 20,000 kamili, yeye kidogo zaidi. Kwa hiyo mbele yangu zilibaki 19,550. Gawanyeni kwa poti: mara 14. Namba hiyo ilitakiwa kunizuia mkono, na mimi hata sikuitafuta.

Flopu: 8 ya shupaza, 7 ya shupaza, 6 ya uru.

Nina 10 na 9. Mfululizo wa 6 hadi 10. Kwa wakati huo hakuna mkono mwingine wowote duniani unaoweza kuushinda. Kwenye meza yetu tunauita mkono wa kilele. Moyo uliruka kidogo. Mimi ndiye wa kwanza kusema, nikasema kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida: "Poti." Chipu za 1,400 zikaenda.

Daktari alizikodolea karata zake, akatikisa kichwa, akatupa. Shemeji hakufikiri sana. Kunywa chai, kuweka kikombe, "poti." Akafuata 1,400, poti ikawa 4,200, akaongeza 4,200 nyingine. Jumla yake 5,600.

Hapa niseme kidogo kuhusu shemeji. Ni mtu anayefunga mkanda kabla ya kuwasha injini. Kwa miaka yote tuliyocheza, sijamwona akizuga kwa poti nzima mbele ya mtu aliyeanza kuweka dau kwenye flopu kama ile. Nililijua hilo. Na bado kichwani mwangu kulikuwa na sentensi moja tu: nina mkono wa kilele, na mkono wa kilele haufuati, unapandisha.

Nikapandisha poti. Nikifuata inakuwa 12,600, nikaongeza 12,600, jumla yangu 18,200. Zilibaki 1,350 mbele yangu, akazidai, nikazitoa. Poti: 40,500. Dakika mbili kabla ilikuwa 1,400.

Hiyo ndiyo dari niliyowaambia. Dau la poti likifuatwa huzaa poti mara tatu: 1,400 inakuwa 4,200, inakuwa 12,600, inakuwa 37,800. Pandisha mara tatu tu kwa kiwango cha juu na 18,200 za mtu zimekwisha. Katika mchezo usio na dari mtu anayetaka kukumaliza lazima atamke namba ya kutisha, na namba hiyo hukuzindua. Huku unamalizwa kwa neno dogo, "poti", ambalo halimtishi mtu.

Tukafunua. Shemeji: ghulamu na 10 za shupaza, 9 ya uru, bibi wa kopa.

Naye ana 10 na 9. Mfululizo ule ule. Tukacheka, mtu akasema "gawaneni tu mle mutura", ikaja karata ya nne, ree ya uru, ikaja ya tano, 4 ya pau. Hakuna kilichobadilika. Nusu kwa nusu, 20,250 kila mmoja. Faida yetu ikawa zile 450 za daktari na 50 za mzee. Nikasema maneno ambayo sasa yananiaibisha: "Shemeji, leo tumeponea wote."

Mzee ni mhasibu mstaafu. Ana daftari la mistari ambamo huandika mikono mikubwa ya kila Jumamosi, nani alikuwa na nini, dau gani, nani alisema nini. Alimaliza kuandika, akavua miwani.

"Kijana, pale ulipoweka zote, ulikuwa unacheza ili ushinde nini?"

"Nilikuwa na kilele, mzee."

"Najua ulichokuwa nacho. Nitajie karata moja tu iliyobaki kwenye pakiti, au mbili zikifuatana, ambazo zingekupa poti yote."

Nikaanza kutafuta. Ikija ghulamu? Mimi napata mfululizo hadi ghulamu, na yeye anaupata huo huo. Zikija bibi na ghulamu? Wote wawili tunafika hadi bibi. Ree mbili? Natakiwa kutumia karata mbili za mkononi, kwa hiyo ree tatu haziushindi mfululizo. Pau hazikuwepo mezani hata moja, kopa pia; rangi moja inahitaji tatu mezani, na zilibaki karata mbili tu kufunuliwa. Zile rangi zangu mbili nilizozipenda zilikuwa zimekufa kwenye flopu, na mimi nilikuwa bado nazibeba. Nilitafuta dakika nzima, watu wakiniangalia. Hakuna.

"Sasa taja zake," mzee akasema, na bila kungoja akaanza kuandika.

Kila shupaza inampa rangi moja, na rangi moja huushinda mfululizo. Zilikuwa zimebaki tisa. Halafu 9 ya kopa: ikija, ghulamu na 10 zake zinatengeneza mfululizo hadi ghulamu, wangu unaishia 10. Halafu 10 ya uru na 10 ya pau: safari hii ni ghulamu na 9. Jumla karata 12. Karata tulizoziona ni nne zangu, nne zake na tatu za mezani, 11, zimebaki 41. Ili tugawane, karata zote mbili zinazokuja lazima ziwe miongoni mwa zile 29 zisizomsaidia. Mzee akaandika 29 mara 28, chini yake 41 mara 40. Yaani 812 kwa 1,640. Asilimia 49.5.

Kwa hiyo nusu ya mara tunagawana. Nusu nyingine, na zaidi kidogo, anachukua yeye zote. Mimi sichukui zote kamwe. Hisa yangu ya poti ni nusu ya 49.5: asilimia 24.8. Nilikuwa na mkono usioshindika na nilimiliki chini ya robo.

Poti ya 40,500 kwa hisa hiyo inanipa wastani wa 10,026. Nilikuwa nimeweka 19,550 tangu flopu. Tofauti ni 9,524. Mzee akaandika 250 mbele ya jina langu kwenye safu ya kawaida, na kwenye safu ya pembeni, ambayo nilikuwa sijawahi kuuliza ni ya nini, akaandika 9,524 na kistari cha kutoa mbele yake.

Sasa, mtu atasema: hayo umeyajua baada ya kuona karata zake. Ni kweli, na ndiyo hoja ambayo ningeitoa mimi mwenyewe usiku ule kama nisingekuwa nimetahayari. Basi tuzifunike karata za shemeji na kuuliza kile ambacho ningeweza kukijua nikiwa na chai yangu na zile 5,600 zikinikodolea macho.

Ni mikono gani shemeji angepandisha poti nayo pale? Tuanze na 10 na 9. Pakiti ina 10 nne na 9 nne, michanganyiko 16. Lakini mimi nimeshika moja ya kila upande, kwa hiyo zimebaki tatu na tatu: michanganyiko tisa. Halafu 8 mbili mkononi, zinazompa 8 tatu: zimebaki 8 tatu kwenye pakiti, michanganyiko mitatu. 7 mbili, mitatu. 6 mbili, mitatu. Ukiishia hapo ni tisa kwa tisa, na hali si mbaya, kwa sababu mbele ya 8 tatu zisizo na kitu kingine mimi namiliki kama asilimia 62. Ili anishinde lazima meza ijirudie apate fulhausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine), na mara nyingi haijirudii.

Lakini shemeji hapandishi na 6 tatu mbele ya mfululizo mezani. Hafanyi hivyo na 7 tatu pia. Hufuata tu, akisubiri. Daftari la mzee lina ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo inabaki tisa kwa tatu. Na zile tisa za 10 na 9 haziji peke yake. Mtu aliyepandisha poti kabla ya flopu akiwa na 10 na 9 mara nyingi ana ghulamu kando yake, au 8, au rangi mbili, kwa sababu hiyo ndiyo mikono ya kupandishia. Wachache sana hupandisha na 10-9 iliyo mkiwa kama yangu. Nimeacha nje ree ya shupaza ikiwa na karata za mfululizo nyuma yake, ambayo nayo angeweza kuipandishia. Nayo hainipi raha.

Nikichukua tisa kwa asilimia 24.8 na tatu kwa asilimia 62, wastani wangu ni kama 34. Ni makadirio ya mtu wa sebuleni, ila yanatosha, kwa sababu bei niliyoilipa inajulikana kabisa. Nilikuwa na 1,400 ndani. Niliongeza 18,150 kugombania poti ya 40,500. Ili nisipate hasara nilihitaji asilimia 44.8. Nina 34, nalipa bei ya 45. Hapo hakuna bahati mbaya ya kusingizia, na hata bahati nzuri ilikuwa haina pa kuingilia: iliyo nzuri kuliko zote ndiyo niliyoipata, na ilinipa 250.

Kuna jambo jingine ndani ya kule kupandisha kwangu, na ndilo lililoniuma zaidi. Nikipandisha mara ya tatu, nani anafuata? Yule mwenye 8 tatu, mwenye akili, anaweza kuamua kwamba mambo yamekuwa mazito na kutupa. Yule ninayemtaka anaondoka. Mwenye 10 na 9 na shupaza hatatupa hata jengo likiungua. Dau langu lilikuwa linachuja meza kinyumenyume, linafukuza wateja na kubakiza wadai.

Zamani za kadi ya bwenini kulikuwa na yule mtu aliyesema "niko kadi" akiwa ameshika King, ambayo kwa sheria zetu haikuwa ya kumalizia. Meza nzima inamwogopa raundi mbili, kumbe hana njia ya kutoka. Nilikuwa mimi.

Turudi nyuma hatua moja, kwenye dau langu la kwanza, zile 1,400. Wengine wangesema kosa lilianzia pale. Mimi sioni hivyo kabisa, ila naona namna bora. Mwenye 8 tatu na mwenye shupaza mbili wanatakiwa kulipia karata ijayo, na kugonga meza ili wote waone karata ya nne bure ni kuwapa zawadi. Lakini nilikuwa wa kwanza kusema, nikiwa na rundo la poti 14 na mkono usiokua. Ningeweka nusu, 700. Shemeji akipandisha poti inakuwa 3,500. Nikifuata, poti ni 8,400 na nyuma yangu zipo 16,050. Bado kuna nafasi ya kupumua, karibu mara mbili ya poti. Kwa dau nililoweka mimi, nikifuata ile 5,600, poti ni 12,600 na nyuma zipo 13,950. Hapo dau moja tu likija, mkono umekwisha. Ukubwa wa dau la kwanza ndio unaoamua utakuwa na maamuzi mangapi baadaye, na mtu mwenye mkono usiokua anayahitaji maamuzi hayo kuliko mwenzake.

Na nikiwa nimeshaweka 1,400, nimepandishiwa 5,600? Hapa mimi na mzee hatukubaliani hadi leo.

Mzee anasema tupa. Ndiyo, tupa mkono wa kilele, kwenye flopu, kwa amani. Hoja yake: kufuata 4,200 ili poti iwe 12,600 ni kulipia theluthi moja, na wewe una 34 kwa mia kwa makadirio yako mwenyewe, tena ya ukarimu. Tofauti hiyo ni ya kununulia njiti za kiberiti. Halafu bado kuna raundi mbili za dau, na wewe ndiye wa kwanza kusema katika zote mbili. Akanihesabia karata zitakazonitia hofu nisipoziona zake: shupaza 11, zile 8, 7 na 6 zisizo za shupaza ni nane, 9 na 10 zisizo za shupaza ni nne. Jumla 23 kati ya 45 ambazo sizijui. Zaidi ya nusu ya pakiti ikifunuliwa, mimi nitakuwa nimekaa na mfululizo wangu kama mtu aliyeshika mwavuli wa karatasi kwenye mvua ya Aprili. Shemeji akitaka kuzuga siku moja katika maisha yake, ndiyo siku hiyo.

Mimi nasema fuata, kisha uangalie. Sababu yangu ni karata ya nne iliyokuja kweli. Ree ya uru haikumsaidia. Ikiwa imebaki karata moja, ana karata 12 kati ya 40: asilimia 30 anachukua zote, asilimia 70 tunagawana. Hisa yangu imepanda hadi 35. Akiweka poti, 12,600, nami nikafuata, nalipa 12,600 kugombania 37,800, theluthi kamili. Thelathini na tano dhidi ya thelathini na tatu na kidogo. Yaani hata kama angenifunulia karata zake zote nne, kufuata kungekuwa sawa, kwa uzi mwembamba. Na dhidi ya 8 tatu hali yangu ni nzuri zaidi ya hapo. Halafu zile 1,350 za mwisho zingekuwa bado zangu. Shupaza ikija ya tano, natupa na kubaki na nauli.

Nilimuuliza shemeji siku iliyofuata kwa simu, tukiwa tumetulia. Nikamwambia: chukulia nimefuata tu, halafu imekuja shupaza. Ungefanyaje?

"Ningesema poti, shemeji. Ningefanya nini kingine?"

"Na mimi ningetupa."

"Basi ungeondoka umepoteza 6,050. Na 13,950 zako ungekuwa nazo mfukoni." Akanyamaza kidogo. "Na ingekuja ree ya uru?"

"Ungeweka?"

"Hapo sijui. Ulivyofuata bila kupandisha ningeanza kujiuliza una nini. Labda ningegonga meza."

Hilo sikulitarajia. Nilipokuwa napandisha, nilikuwa nimemwambia kila kitu: nina 10 na 9, na nina haraka. Kufuata kungemwachia swali. Nilipomweleza mzee, alisema swali halijazi poti, na kwamba kwa mtu kama shemeji, pale pale, na mimi nikisema wa kwanza, yeye bado angetupa. Akanionyesha safu ya pembeni ya daftari kurasa za nyuma. Jina langu lina vistari vingi vya kutoa mahali ambapo safu ya kawaida inaonyesha nimeshinda. La shemeji lina viwili tu. Nilimwomba nilibebe daftari nyumbani wiki moja. Alikataa, akasema nikitaka, ninunue langu, yanauzwa pale chini dukani.